Ubeti mmoja, vidaka 44: namna ya kupanga kazi yako ya mwisho ya sanaa

Mitihani ya mwisho ikikaribia, ngazi za kwetu Michenzani, mjini Unguja, haziishi wageni. Wanapanda na madaftari ya michoro kifuani, wengine wamefuatana na mama zao, na swali lao ni moja: "Dada, tumeambiwa kazi ya mwisho itokane na shairi. Sasa nichore nini?" Riziki yangu mimi iko kwenye hina na piko, wanaonijua ni maharusi. Lakini sanaa nimeisomea, na kazi yangu ya mwisho niliitoa kwenye ubeti mmoja wa Al-Inkishafi, shairi la kale la Kiswahili. Kidogo inishinde. Nadhani ndiyo sababu wanaletwa kwangu, maana waliofaulu bila taabu hawakumbuki walifanyaje.

Jibu langu la kwanza huwaudhi: usichore kitu. Weka penseli chini, lisome shairi kwa sauti, kisha utafute mtu mzima akusomee tena, ikiwezekana kwa mahadhi. Mashairi yetu yalitungwa yasikike. Ukiyasoma kimyakimya kwenye simu utapata habari tu, na ukienda na habari peke yake utaishia kuchora habari. Mimi nililisikia kwa babu mzaa mama, kule Mtambwe, Pemba, baada ya isha, na kitabu chenyewe jalada lake limeshonwa kwa uzi wa mshipi. Nusu ya maneno sikuyaelewa, ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu, cha zamani. Lakini palikuwa na ubeti mmoja babu akiufikia anapunguza sauti, na huo ndio ulionikaa:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani
zisiji na koti waikaliye

Nyuni ni ndege, bumu ni bundi, na hao zisiji na koti nao ni ndege. Vile vidaka vya ukutani vilivyokuwa vikipangwa visahani, leo wamelala makinda. Aliyetunga ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mwanzoni mwa karne ya 19, akiutazama mji wa Pate, huko kwenye visiwa vya Lamu, uliokuwa na utajiri wake ukaanguka, na akiuonya moyo wake mwenyewe. Nakala zinatofautiana herufi hapa na pale, kwa hiyo amua unafuata ipi na uifuate hiyo hiyo mpaka mwisho.

Ubeti mmoja, nasema. Anayekuja na utenzi mzima namrudisha. Hata beti mbili ni nyingi.

Mwalimu wangu mmoja aliponisikiliza akaniambia kitu ambacho nina hakika na wewe umeambiwa: basi chora jumba limebomoka, bundi kakaa juu ya ukuta, nyuma jua linazama. Nikachora. Nilichora mara tatu, mara ya tatu kwa rangi za mafuta nilizoagizia Dar. Ilitoka picha ya kalenda. Ukiitazama picha ile huhitaji tena kulisoma shairi, na ukilisoma shairi picha huihitaji. Mmoja wao hana kazi pale. Niliigeuza uso ukutani, na mpaka leo ubao wake nautumia kukatia kitambaa.

Ndipo nikaanza upya, na nilichojifunza ndicho ninachokufundisha. Kwenye shairi chukua vitu viwili: kipimo chake, na kitu kimoja cha kushikika. Mengine yote liachie shairi lenyewe.

Kipimo

Gonga meza huku unasoma. Ma-da-ka-ya-nyu-mba, sita. Ya-zi-sa-ha-ni, tano. Pumzi inakatika pale pale baada ya sita. Mstari wa pili hivyo hivyo: sa-sa-wa-la-li-ye, wa-na-wa-nyu-ni. Mistari yote minne inakwenda sita na tano, kumi na moja kila mmoja, jumla 44. Sasa tazama miisho: ni, ni, ni, halafu ye. Na hiyo ye hurudi kila ubeti unapofungwa, moja baada ya nyingine, kama mlango unaorudishwa polepole.

Umeshapata mpango wa kazi na hujachora hata mstari. Safu nne. Kila safu vipande kumi na moja, na baada ya cha sita uwazi wa kupumulia. Vipande vya mwisho vya safu tatu za juu vifanane, cha safu ya nne kikhitilafiane. Nilipoiona hiyo kwenye daftari langu la miraba nilicheka peke yangu, maana nilikuwa nimeshahangaika mwezi mzima kutafuta "mpangilio" na mtunzi alishanipangia miaka mia mbili nyuma.

Kama shairi lako ni utenzi, una vipande vinne vya mizani minane, yaani silabi nane nane. Kama ni shairi la tarbia la kawaida, lile la mistari minne kila ubeti, kila mshororo una mizani 16, nusu ya kwanza, ukwapi, nane, na nusu ya pili, utao, nane, na kina cha kati kinasimama katikati. Wewe mtoto wa hapa, hicho huwezi kukikosa: ni mlango wa Mji Mkongwe huo, mabawa mawili na mfaa katikati yake. Na kibwagizo, mstari ule unaorudi kila ubeti, kiwe kitu kinachorudi kwenye kazi yako bila kubadilika, rangi ile ile, mahali pale pale.

Msichana mmoja wa Kengeja alikuja na shairi la marehemu babu yake juu ya safari ya baharini. Alikuwa ameshachora jahazi, tanga limevimba, pomboo wawili. Nikamuuliza nyumbani wanafanya kazi gani. "Mama anashona mikeka." Basi tukaliweka jahazi pembeni. Alisuka kili, ile mikanda ya ukindu inayoshonwa mkeka, 16 kwa kila mshororo, nane za rangi na nane mbichi, akazishona zikawa mkeka mwembamba, na ule mshono wa katikati akauacha wazi uonekane, kwa uzi mwekundu. Bahari haimo popote katika kazi ile, lakini mkeka unapoutandaza unaona kabisa mtu kavuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili.

Kitu

Hapa ndipo wanapokwama wengi, kwa sababu wanachagua kitu kizuri badala ya kitu wanachokijua. Andika majina ya vitu vyote vilivyomo katika ubeti. Mimi nilipata madaka, nyumba, visahani, makinda, bundi. Kisha jiulize: kipi kati ya hivi nimekishika kwa mkono wangu? Bundi sijawahi. Nyumba ni kubwa mno. Lakini kidaka!

Bibi yangu alikuwa na nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa, na ukutani juu ya kitanda palikuwa na shubaka, ndivyo alivyokiita yeye. Chini ya shubaka akiweka kibatari. Ndani yake ilisimama sahani moja ya maua ambayo hakuna aliyewahi kulia. Bibi alipofariki, nyumba ilikaa miezi minane haina mtu. Tulipokwenda kukusanya vyombo, mimi nikainua ile sahani. Ukuta wote wa shubaka ulikuwa mweusi kwa moshi wa miaka na vumbi la juu yake, lakini nyuma ya sahani palibaki duara. Jeupe, safi, chokaa ya siku ile alipoiegemeza. Nikaishika sahani mkononi na huku nalitazama duara, na nakwambia kweli, duara ndilo lililokuwa linamwonyesha bibi.

Ndiyo kazi yangu ya mwisho ile. Vidaka 44, vyeusi ndani, visahani hamna, makinda hamna. Kila kimoja na duara lake, isipokuwa cha mwisho kabisa.

Sikwambii uende ukaitumie alama ya moshi, ya kwangu imeshatumika. Nakwambia utafute chako chenye uzito huo. Na ukishakipata, toka uende ukakitazame mahali pengine zaidi ya kwenu. Mimi nilikwenda Maruhubi, kwenye magofu ya kasri ya Sayyid Barghash iliyoungua 1899 zikabaki nguzo, na nikarudi Pemba nikaenda Ras Mkumbuu palipo na msikiti wa kale na makaburi ya nguzo. Pwani yetu nzima watu walikuwa wakipachika bakuli na sahani za kaure kwenye makaburi ya namna ile, na nyingi zimeshang'olewa. Shimo la mviringo ndilo lililobaki kwenye chokaa. Chora kitu kimoja tu mara ishirini, kwa saa tofauti za mchana, uone kivuli kinavyoingia na kutoka. Picha za simu piga, lakini usichore kutoka kwenye simu.

Na kwa anayenambia ubeti ule ni wa Pate na sisi hautuhusu: Beit al-Ajaib, lile jumba la masultani la Mji Mkongwe, ilijengwa 1883, na tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake ikaporomoka mchana watu wanaona. Ila usikimbilie kuichora kwa kuwa tu kila mtu anaijua. Ukiingiza jengo mashuhuri, mtazamaji ataacha kutazama kazi yako aanze kukumbuka alikuwa wapi siku ile.

Chokaa na makosa yangu

Nilitaka vidaka viwe vya chokaa ya kweli, si saruji, si ule unga wa jipsam wa mafundi wa dari. Jipsam inakauka ndani ya dakika chache na inatoka laini kama sabuni. Ingenirahisishia kila kitu, na ingeonekana duka la keki. Kama wewe kazi yako inaitaka, itumie, usiwe mkaidi kama mimi.

Nilitengeneza kiboksi cha mbao, sentimita 9 kwa 12, kina cha nne. Katikati naweka kiini cha udongo wa mfinyanzi nilichokichonga umbo la kidaka, mgongo wake umeviringa juu. Namimina, nasubiri, nachimbua udongo. Chokaa sehemu moja, mchanga tatu. Cha kwanza kilitoka vizuri nikadhani nimeshamaliza. Nikafanya vyote 44 kwa siku tisa, nikavipanga juu ya dari kwenye jua la kaskazi vikauke upesi.

Vilipasuka 29. Nilivihesabu nimekaa chini.

Fundi mmoja mzee wa kukarabati nyumba za Mji Mkongwe ndiye aliyenieleza. Chokaa haikauki kama nguo. Jiwe lilipochomwa kwenye tanuu lilitoa hewa yake, na likishakuwa chokaa linairudisha hewa ile kidogo kidogo mpaka liwe jiwe tena, na kazi hiyo inahitaji unyevu. Ukiianika juani maji yanakimbia kabla haijashikana, inapasuka. Akaniambia niiloweke chokaa siku nyingi kabla ya kuitumia, nimimine tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene, nikatekate nyuzi za makumbi nichanganye ndani zishikilie, na nifunike kwa gunia bichi kivulini wiki nzima. Mchanga wa pwani nao akaukataa: una chumvi, na chumvi itatoka nje baadaye kama unga mweupe. Nikatumia wa shamba, nikauchunga kwa chekeche la chai. Zamu ya pili vilipasuka vinne.

Jambo jingine ambalo hakuna aliyenambia: chokaa inakula ngozi. Vidole vyangu vilichubuka nikashindwa kushika koni ya hina wiki mbili kabla ya sikukuu, na wateja wangu wa Idi nikawapeleka kwa shoga yangu. Vaa glavu, na macho uyalinde zaidi.

Kwa hiyo, chochote unachotaka kukitumia, kijaribu kabla hujakipenda. Tengeneza vitatu. Kimoja kiache juani, kimoja kivulini, kimoja kidondoshe chini makusudi. Andika kwenye daftari tarehe, vipimo na kilichotokea, na vilivyopasuka usivitupe. Watahini wanapenda kuona vilivyopasuka kuliko unavyodhani.

Moshi ulinipa kazi ndogo ila ya kutulia. Nilikata duara la kadi kwa kufuata mdomo wa kikombe cha kahawa, nikalibandika ndani ya kidaka kwa uji mzito wa ngano, nikashika kibatari chini yake mpaka ukuta ukawa mweusi, nikalibandua kwa ncha ya sindano. Kama uji ni mwepesi, moshi unapenya na duara linatoka na ndevu. Kama ni mzito mno, kadi inatoka na chokaa. Fanya hayo mlango uko wazi, na usiguse tena ndani: masizi hayasamehi kidole.

Vipande vya mwisho vya safu tatu za juu nilivipa duara kubwa zaidi, la mdomo wa bilauri. Cha safu ya nne, pale kwenye ye, hakina duara kabisa. Ndani yake niliweka vipande vya waya nilivyookota chini ya mwembe lilipoanguka tundu la kunguru. Hawa kunguru wetu waliletwa kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, na wakikosa vijiti wanajenga kwa waya za watu. Ndio wana wa nyuni wa leo, mimi sikuona haja ya kumtafuta bundi.

Siku, uzito, na karatasi ya maelezo

Hesabu siku kutoka mwisho kurudi nyuma. Tuseme una wiki 12. Ya mwisho iache tupu, usipange kitu, itajijaza yenyewe. Ya 11 ni ya kuunganisha na kutundika. Tatu kabla ya hapo ni za kutengeneza, na tatu kabla ya hizo ni za kujaribu, nazo usizikope hata siku moja. Zinabaki nne za kusikiliza, kuhesabu mizani na kutazama. Watu wengi hugawa kinyume chake: wiki tisa za kufikiri na mbili za kukimbizana. Kama miezi yako inaangukia masika, chokaa, udongo na gundi vyote vitachelewa, ongeza. Mwezi wa Ramadhani usijidanganye, hesabu nusu ya kila siku, na kumi la mwisho usilihesabu kabisa.

Uzito upime mapema. Kidaka changu kimoja kilikuwa karibu nusu kilo. Vyote 44 ni kilo 22, mbali na ubao wa nyuma, na mimi nakaa ghorofa ya tatu. Nilivifunga kimoja kimoja kwa vipande vya kanga kuukuu, nikavipanga kwenye matenga mawili ya embe, nikakodi gari. Ukuta wa maonyesho ulikuwa wa siling bodi, haukuweza kubeba, kwa hiyo ubao ukasimama sakafuni na kuegemea. Ikawa bora, maana mtu alilazimika kuinama kuchungulia kama anachungulia chini ya kitanda. Lakini hiyo ni bahati. Wewe nenda ukaugonge ukuta wiki mbili kabla. Na tengeneza vya akiba. Mimi nilikuwa na vitatu, nikatumia viwili.

Karatasi ya maelezo isizidi ukurasa mmoja. Nakili ubeti wote juu, taja mtunzi, na kama yu hai mwombe ruhusa kwanza, visiwa vyetu ni vidogo na huenda mkawa ndugu. Kisha sema ulichochukua katika shairi na ulichokiacha. Usiandike "kazi hii inaashiria". Andika chokaa, moshi, waya, 44. Wakikuuliza kwa nini shairi hili, wajibu ulilisikia wapi mara ya kwanza na nani alikuwa anasoma.

Siku yangu ya kutahiniwa walikuja watatu. Wawili waliandika wakaondoka. Wa tatu, mtu mzima, alichuchumaa mbele ya ubao akakaa kimya, halafu kabla sijamwahi akatia kidole ndani ya kidaka kimoja kuona kama weusi ni rangi. Akakitazama kidole chake, akacheka, akakifuta kwenye leso. Nilikuwa na kidaka kimoja cha akiba kimebaki, ningeweza kubadilisha usiku ule ule. Sikubadilisha. Alama yake bado ipo, safu ya pili, cha tisa kutoka kushoto, ndani ya duara jeupe.